Msaada wa Masomo Si Zawadi ya Ushindi



Sisi tunaofundisha watoto kuimba twalijua swali moja ambalo wazazi hawachoki kutuuliza. Baba anakuja jioni, amemshika mwanawe mkono, anasema: "Mwalimu, mtoto huyu ana sikio kutupita sisi sote. Wimbo akiusikia mara moja, kesho anaupiga kinandani pasipo karatasi. Apelekwe wapi?" Nasi twamjibu kwamba viko vyuo vya muziki huko mbali, na vingine vinatoa msaada wa masomo kwa kijana asiye na fedha. Baba anafurahi. Kisha twamalizia kwa sauti ya chini: "Lakini sharti kwanza ashinde mashindano." Hapo furaha yake inakwisha.

Neno hilo, "sharti kwanza ashinde", ndilo tunalotaka kulipinga leo. Hatuyapingi mashindano yenyewe. Twapinga desturi ya kuyafanya mashindano kuwa mlango wa pekee wa kuingilia shuleni.

Zawadi na msaada si kitu kimoja. Zawadi ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa: mtu amejifunza, amepiga vizuri, apewe haki yake. Msaada wa masomo ni mbegu ya kazi ambayo haijafanywa bado. Je, mwenye kugawa mbegu kijijini atawauliza watu kwanza, "Nionyesheni ghala zenu," kisha ampe mbegu zote yule mwenye ghala iliyojaa? Tungemwita mpumbavu. Lakini vyuo vingi vya muziki vyafanya hivyo hivyo, na watu wanapiga makofi.

Tazameni ni nani anayeshinda akiwa na miaka kumi na mitano. Piano na violini hazifanani na mchezo wa kuanza leo na kuujua kesho. Wapigaji wakubwa wengi walianza wakiwa na miaka mitano, sita au saba. Mtoto wa namna hiyo amekuwa na mwalimu kila juma, ana piano nyumbani, ana chumba chenye utulivu, ana mama wa kumkumbusha zoezi lake. Mwenzake ameazimwa chombo mara moja kwa juma. Siku ya mashindano wote wawili wanasimama mbele ya waamuzi wale wale, wanapiga wimbo ule ule, na watu wanasema, "Tazama, hapa ni haki tupu, kila mtu amepimwa sawasawa." Kumbe waamuzi hawakuwasikia watoto peke yao. Wamesikia pia nyumba za wazazi wao.

Wengine watatuambia: "Ninyi mnasema hivyo kwa wivu wa maskini. Wazungu wenyewe wenye muziki huo hawalalamiki." Si kweli. Walilalamika zamani sana, tena kwa kelele.

Ufaransa ilikuwa na mashindano yaitwayo Prix de Rome, ambayo watunzi wa muziki waliingizwa tangu 1803, hata yakafutwa mwaka 1968. Yalikuwa mashindano na msaada kwa pamoja: kijana aliyeshinda alipelekwa Roma kwa fedha ya serikali, akakaa katika jumba la Villa Medici akitunga muziki bila kuhangaikia chakula. Kwa hiyo wanafunzi wa chuo cha muziki cha Paris, kiitwacho Conservatoire, waliyatamani kuliko kitu chochote. Mmoja wao alikuwa Maurice Ravel. Alijaribu mara tano. Mwaka 1901 alipata nafasi ya chini tu. Mwaka 1905, alipokuwa na miaka 30 na huo ndio mwaka wake wa mwisho kuruhusiwa, aliondolewa katika duru ya kwanza, kana kwamba hajui hata misingi ya kazi yake. Wakati huo alikuwa amekwisha kutunga muziki unaopigwa hata leo duniani kote.

Magazeti ya Paris yaliwaka moto. Watu walipochunguza, waliona kwamba wote waliofika duru ya mwisho walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja, Charles Lenepveu, na mwalimu huyo mwenyewe alikuwa miongoni mwa waamuzi! Wazee wetu walikwisha kusema: kila mwamba ngozi huvutia kwake. Hatuna haja ya kumwita mtu yule mwovu. Labda masikio yake yalipenda kweli kile alichokifundisha mwenyewe. Lakini hiyo ndiyo hatari yenyewe: mwalimu anayemhukumu mwanafunzi wake anajisikiliza nafsi yake.

Mwaka ule ule Gabriel Fauré, aliyekuwa mwalimu wa Ravel, aliwekwa kuwa mkuu wa chuo. Alileta waamuzi wa kutoka nje kwa mitihani, mashindano na kupokea wanafunzi wapya. Walimu waliozoea kuwapendelea vijana waliowafundisha kwa malipo ya faragha walikasirika sana. Hasira yao yatuonyesha kwamba dawa iligusa kidonda.

Sasa twende Marekani. Katika mji wa Philadelphia kiko chuo kiitwacho Curtis, kilichoanzishwa mwaka 1924 na mama mmoja tajiri, Mary Louise Curtis Bok. Tangu 1928 chuo hicho hakitozi ada kwa mwanafunzi yeyote anayepokelewa. Twakisifu kwa jambo hilo. Mlango wake lakini ni mwembamba mno, na mwenye kutaka kuupita sharti asikilizwe na kuchaguliwa.

Mwaka 1951 alifika mlangoni hapo msichana mweusi, jina lake Eunice Waymon, kutoka mji mdogo wa Tryon katika jimbo la North Carolina. Alitaka kupiga piano ya kina Bach mbele ya watu, kama wapigaji wakubwa. Watu wa mji wake, weusi na weupe, walikuwa wamechanga fedha asome. Alipiga mbele ya waamuzi, akakataliwa. Yeye mwenyewe aliamini hata kufa kwake kwamba ni kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Wengine walisema nafasi zilikuwa chache tu. Ili apate riziki, akaenda kupiga na kuimba katika baa ya Atlantic City, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Nina Simone. Mwaka 2003 chuo kile kilimpa shahada ya heshima, siku chache tu kabla hajafa. Miaka 52 imepita kati ya mlango uliofungwa na heshima iliyotolewa! Naye, ajapokuwa maarufu hivyo, hakuacha kusikitikia piano aliyonyimwa.

Twajua jibu litakalokuja: "Basi, bila mashindano mtawajuaje wenye karama? Mbona mashindano yamewainua maskini wengi?" Na watatutajia Dang Thai Son, mwana wa Vietnam, nchi iliyopigwa mabomu, aliyepata nafasi ya kwanza katika mashindano ya Chopin huko Warszawa mwaka 1980, wa kwanza kutoka Asia.

Twashukuru kwa mfano huo, maana unatusaidia sisi. Ulizeni jinsi alivyofika Warszawa. Mama yake alikuwa mwalimu wa piano katika chuo cha muziki cha Hanoi. Wakati wa vita chuo kilihamishiwa mashambani, na masomo yakaendelea huko huko. Baadaye mwalimu mmoja wa piano kutoka Muungano wa Kisovieti alimsikia, na kijana akapelekwa kusoma Moscow. Ndipo akaenda kushindana. Hakushinda ili apate shule. Alipata shule, kisha akashinda. Geuzeni mpango huo, mwanzeni kwa mashindano, na jina lake lisingejulikana.

Watu wa Brussels nao waliliona jambo hilo. Mwaka 1937 yalifanyika huko mashindano ya violini kwa jina la Eugène Ysaÿe, yale ambayo tangu 1951 yanaitwa kwa jina la Malkia Elisabeth. Katika nafasi sita za kwanza, vijana wa Muungano wa Kisovieti walichukua tano, na wa kwanza alikuwa David Oistrakh. Je, watoto wa huko walizaliwa na vidole vingine? La. Kadhaa kati yao walitoka mji mmoja, Odessa, kwa mwalimu mmoja, Pyotr Stolyarsky, aliyewaanza wakiwa watoto wadogo. Miaka miwili baada ya mashindano hayo, mwaka 1939, Malkia Elisabeth alifungua huko Waterloo nyumba ya kufundishia vijana muziki. Hata mwenye mashindano alikiri kwa tendo kwamba pasipo mafunzo, taji ni la wageni.

Turudi kwetu Kongo. Mjini Kinshasa iko Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Wengi wao hawakuwahi kushika violini hapo kwanza. Vyombo vilikuwa vichache, wakapokezana. Uzi ulipokatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven, na watu wa Ulaya wamekuja kuwasikiliza. Twauliza: kama katika mwaka ule wa kwanza angesimama mwamuzi mbele yao na kusema, "Nitamsaidia yule tu aliyekwisha kupiga vizuri," angemsaidia nani? Hakuna hata mmoja. Angerudi kwao na fedha yake mfukoni, akiandika kwamba Kongo haina vijana wenye karama.

Basi, kwa wenye vyuo na kwa wote wanaotoa fedha kwa ajili ya vijana wa muziki, twasema maneno matatu.

La kwanza: mwalimu asimhukumu mwanafunzi wake, wala wa ndugu yake. Paris ililipa kwa aibu kulijua jambo hili. Hakuna sababu ya wengine kulilipia tena. Orkestra nyingi za Marekani tangu miaka ya 1970 zinaweka pazia kati ya mpigaji na waamuzi, isionekane sura wala rangi. Pazia hilo ni kitambaa tu, lakini limefungua milango mingi.

La pili: anayeomba msaada asisikilizwe siku moja tu. Mpeni masomo ya majuma machache, kisha msikilizeni tena. Usitazame mahali alipo. Tazama umbali aliotembea. Aliyepanda kutoka bondeni hadi katikati ya mlima ametembea kuliko yule aliyezaliwa karibu na kilele.

La tatu: msaada uwe msaada kamili. Ada pasipo chombo ni kumpa mtu leseni bila baiskeli. Kijana ahesabiwe chombo, nauli, chakula na mahali pa kufanyia mazoezi.

Kisha, akiisha kufundishwa, na ashindane! Mashindano yatamfunza ujasiri, yatampa siku ya kujiandaa, yatamjulisha kwa watu. Hapo taji litakuwa lake kweli.

Na wewe baba uliyekuja jioni ukimshika mwanao mkono, usikate tamaa. Mlete kwaya, apate kinanda saa moja leo na saa moja kesho, hata kama ni kibovu. Hatuwezi kukuahidi Brussels. Lakini neno lile la "sharti kwanza ashinde" hutalisikia tena kinywani mwetu. Tutasema: sharti kwanza afundishwe.