Mwenye Maradhi ya Usingizi Si Mvivu, na Haki Yake Si Sadaka



Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu nyingi yupo kijana anayeitwa "mlalaji". Anasinzia shuleni, anasinzia kwenye darsa msikitini, anasinzia mkono ukiwa ndani ya sahani. Wengi wao wanahitaji tu kuacha simu usiku na kulala mapema. Lakini wapo wachache ambao ni wagonjwa kweli. Leo nataka niwasemee hao, kwa sababu mmoja wao ni mpwa wangu, na sisi jamaa zake nusura tumkoseshe haki yake kwa midomo yetu wenyewe.

Tangu akiwa sekondari hapa Kampala tulimwita mvivu. Mama yake alikuwa akimmwagia maji alfajiri. Mimi mjomba wake nilimwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Baadaye alihamia Columbus, Ohio, nchini Marekani, akawa dereva wa foklifti katika ghala. Siku moja alisinzia kwenye usukani, kidogo tu amgonge mwenzake. Ndipo alipopelekwa kwa daktari wa usingizi, akaambiwa ana narkolepsia.

Maradhi haya humpata takriban mtu 1 katika kila 2,000. Katika aina yake ya kwanza, zimepotea zile seli za ubongo zinazotoa oreksini, kemikali inayotusaidia kukaa macho. Mgonjwa hushikwa na usingizi asioweza kuuzuia, na baadhi yao hulegea viungo wakicheka, hata kuanguka, huku akili zao zikiwa timamu. Dawa husaidia lakini haziponyi. Mara nyingi huanza ujanani, na miaka hupita kabla ya kutambuliwa. Wanafunzi, lizingatieni hilo.

Kazini kwake kulikuwa na bima ya ulemavu wa muda mrefu. Bima za namna hii kwa kawaida hulipa karibu asilimia 60 ya mshahara, baada ya mgonjwa kusubiri miezi 3 au 6. Aliomba, akakataliwa. Kampuni ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba hawezi kazi. Sheria ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, inayosimamia bima nyingi za waajiri binafsi huko, ilimpa siku 180 za kukata rufaa. Siku 120 zikapita hajaandika hata barua moja.

Kwa nini? Kwa sababu sisi tulimpigia simu kumkataza. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, katika ukoo wetu hakuna ombaomba. Lala mapema, urudi kazini."

Kwa maoni yangu, tulikosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni kuiita haki sadaka. Bima ya kazini ni sehemu ya ujira wa mtu. Hata ile hifadhi ya serikali ya Marekani, Social Security, mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Anayeomba baada ya kuugua anafuata kilichotokana na jasho lake. Kama una shaka kuhusu bima na sharia, muulize sheikh unayemwamini, lakini usimfungie mgonjwa mlango kwa kuona haya tu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Sisi ndio tuliokuwa mashahidi wake, tukageuka washitaki wake. Ugonjwa huu hauonekani kama mguu uliovunjika. Kipimo kipo: mgonjwa hulala kliniki usiku mmoja akiwa amefungwa nyaya, na kesho yake hupewa nafasi za kulala kidogo kila baada ya saa mbili. Wakiona kwa wastani analala ndani ya dakika 8 au chini, hiyo ni moja ya dalili kuu. Lakini kipimo kinathibitisha ugonjwa tu. Kwamba mtu hawezi kutimiza saa nane za kazi, hilo linahitaji maelezo ya daktari, daftari la kila siku, na maneno ya wanaoishi naye.

Na yote hayo yaingie kwenye faili mapema. Kesi ikifika mahakamani, kwa kawaida jaji huangalia karatasi zilizokuwa mbele ya kampuni ya bima. Ambacho hukukiweka wakati wa rufaa, huenda hutapata nafasi nyingine ya kukionyesha.

Social Security nayo ina masharti yake. Maradhi lazima yawe yamemzuia mtu kufanya kazi, au yatarajiwe kumzuia, kwa miezi 12 au zaidi. Narkolepsia haimo katika orodha yao ya maradhi, hivyo huilinganisha na kifafa. Ukikataliwa una siku 60 za kukata rufaa. Hata hapa Uganda, NSSF ina fao la mwanachama ambaye maradhi yamemzuia kufanya kazi, lakini ni wangapi wetu tumewahi kuliulizia?

Jambo moja tusisahau: ukweli. Usitie chumvi. Siku aliyoamka vizuri iandikwe hivyo hivyo. Ushahidi ni amana.

Mwishowe tulijirudi. Mke wake aliandika alichokiona nyumbani. Dada yangu alisimulia kwa simu tangu utotoni, akilia, na yakaandikwa. Mimi niliandika kwamba kwa miaka tisa nilimwita mvivu, na sababu yake. Rufaa iliingia siku ya 171. Baada ya miezi miwili alikubaliwa.

Wanazuoni wetu wamefundisha kuwa aliyelala hana lawama mpaka aamke. Basi iweje sisi tumlaumu mtu ambaye usingizi wenyewe ndio ugonjwa wake? Mzazi, kabla hujampa mwanao jina la mvivu, mpeleke kwa daktari. Na akithibitika ni mgonjwa, kaa naye, shika kalamu, uandike uliyoyaona.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.