"HUJASOMEA, KAA PEMBENI": KAULI INAYOUA MCHEZO MEZANI

Leo sina bifu la wasanii wala nani kamwagana na nani. Leo naongelea ile michezo ya mezani ya kuigiza, Dungeons & Dragons na wenzake, ambayo wengi wetu tuliijulia kwenye Stranger Things.

Kwa wasioijua: mmoja ndo msimuliaji, wengine kila mtu ana mhusika wake. Kuna mwizi, mpiganaji, mchawi, mganga. Ukitaka kufanya jambo ambalo matokeo yake hayajulikani, unarusha dadu la pande 20, unajumlisha na ujuzi wa mhusika wako, ukifikia namba iliyowekwa umepita.

Sasa swali: mhusika asiye na ujuzi akitaka kujaribu, tumfanyeje?

Niwape mkasa. Kuna kijana mmoja ndo alikuwa msimuliaji wetu, jina kapuni, Jumapili tunakutana geto la mshkaji, dadu tunarushia kwenye simu. Siku hiyo mhusika wangu kalambwa mkuki, yuko chini anakata roho. Mganga wetu kabaki upande wa pili wa daraja. Dada mmoja, ndo kwanza mara yake ya tatu kucheza, mhusika wake mpiganaji, akasema: "Nachana shati langu, namfunga kidonda."

Msimuliaji akamjibu: "Wewe hujasomea tiba. Kaa pembeni."

Mhusika wangu akafa. Hilo limepita, nimetengeneza mwingine. Ila yule dada Jumapili iliyofuata hakuja, na mpaka leo hajaja. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, kukaa pembeni hata nyumbani naweza, kwa nini nipande daladala mbili?"

Sikuwa na jibu. Na kinachoniuma ni kwamba hata kitabu kilikuwa upande wake. Kanuni za toleo la tano, lililotoka 2014, zinasema mhusika yeyote anaweza kujaribu kumtuliza anayekufa, na namba ya kufikia ni 10 tu. Yani bila ujuzi wowote, bila nyongeza, ana nafasi ya asilimia 55. Jamaa hakusoma, akaamua kwa kichwa chake.

Tabia hii haikuanza jana. Mchezo ulipotoka 1974 hapakuwa na orodha ndefu ya ujuzi. Ukitaka kunyata, unaeleza unavyonyata, msimuliaji anaamua. Mwaka 1975 kwenye kitabu cha nyongeza cha Greyhawk akaletwa mwizi, na yeye akawekewa asilimia zake za kunyata na kufungua kufuli. Ilikuwa nia njema, mwizi awe na kazi yake. Lakini meza nyingi zikaelewa kinyume: kama mwizi ndo kaandikiwa kunyata, basi wengine hawawezi kunyata. Toleo la tatu la 2000 likaenda mbali zaidi, ujuzi mwingine ukawa marufuku kabisa kama hukufundishwa.

Wenzao wa Call of Cthulhu, 1981, walifanya vizuri kwa mtazamo wangu. Kila mtu anaanza na kitu. Huduma ya kwanza, hata kama hujawahi kuigusa, una asilimia 30. Na ukitumia ujuzi ukafanikiwa, unauwekea alama, baadaye unaweza kupanda. Yani unajifunza kwa kufanya.

Najua kuna watakaosema, "Sasa kila mtu akijaribu kila kitu, aliyesomea ana faida gani?" Hoja ya msingi kabisa, tuipigie hesabu. Kuna nembo ya kale ukutani, namba ni 15. Msomi wa kundi ana nyongeza ya 5, nafasi yake asilimia 55. Kashindwa. Hapo ndo meza nzima inalipuka: "Na mimi narusha! Na mimi!" Watu wanne wasiojua kitu, kila mmoja ana asilimia 30, lakini nafasi ya angalau mmoja wao kupata ni kama asilimia 76. Wamemzidi msomi! Huo nao ni upuuzi, na msomi ana haki ya kununa.

Kwa hiyo mi napendekeza hivi. Kwanza, msimuliaji asiseme "huwezi" kabla hajauliza "unafanyaje?" Kuchana shati na kufunga kidonda ni jibu. Kupasua tumbo kutoa mshale bila kujua utumbo uko wapi si jibu, na hapo ruksa kukataa. Pili, asiye na ujuzi ajaribu pale tu ana sababu, si kwa kuwa mwenzake kachemka. Tatu, akishindwa iwe na gharama: muda umekwenda, kelele zimesikika, hali imekuwa mbaya zaidi. Nne, wote wakifanikiwa, mwenye ujuzi apate zaidi. Asiyejua anaona nembo ni ya mfalme fulani. Msomi anajua na huyo mfalme aliuawa na nani. Hapo kila mtu kaheshimiwa.

Nakiri naongea kwa uchungu. Mimi niliishia kidato cha nne. Hii blogu hakuna aliyenifundisha, nimeivunja mara nyingi nikaitengeneza tena. Kila mlango niliogonga nilikutana na ile kauli ya "hujasomea". Sasa mtu akae wiki nzima anaambiwa hivyo, halafu Jumapili kwenye mchezo wa kufikirika, wenye mazimwi yanayoruka, aambiwe tena?

Dadu lipo. Mwache arushe. Akishindwa, atashindwa mwenyewe.

Wewe mezani kwako mnafanyaje? Tiririka hapo chini, matusi hapana. Na kama yule dada unasoma hapa, Jumapili tupo, na msimuliaji safari hii ni mimi.