Starehe Inayoziba Masikio

Kila mtumishi wa umma aliyekabidhiwa gari la Serikali hana budi kujiuliza swali moja: je, chombo hiki kinanifikisha kwa wananchi, au kinanipitisha kando yao? Swali hili si geni. Miaka michache baada ya Uhuru, watu wa Afrika Mashariki walikwisha kuwapa wakubwa waliojitenga kwa magari yao jina la kabila jipya, "Wabenzi". Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawaonya viongozi wasiwe na majivuno wala dharau kwa wale wanaowaongoza. Leo fahari hiyo imehamia katika magari makubwa ya kupanda milima, nayo wananchi wameyabatiza "mashangingi". Jina ni la mzaha, lakini mzaha wa wananchi mara nyingi huwa ni hukumu.

Wengi wetu tumeyasema magari haya tukiwa nje ya vioo vyake. Hivi karibuni nilipata nafasi ya kuyapima kutoka ndani. Muuzaji mmoja wa magari, gari langu dogo likiwa katika karakana yake, aliniazima kwa siku 3 Toyota Land Cruiser ya toleo la 300, kwani hakuwa na jingine la kunipa. Nililiendesha kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha nikaingia barabara za vumbi za vijijini.

Haki ya chombo na isemwe kwanza. Toleo hili, lililoanza kuuzwa mwaka 2021, lina injini ya dizeli ya lita 3.3 yenye silinda 6, na gia 10 zinazojibadili zenyewe bila dereva kuhisi. Mlima haulishindi, tope halilitishi. Wajapani walianza kuunda magari ya ukoo huu mwaka 1951, tena kwa kazi ngumu, si kwa maonyesho. Atakayesema kwamba ni gari baya hasemi kweli.

Jambo lililonishughulisha ni jingine, nalo ni ukimya. Kati ya Mlandizi na Chalinze kila kijiji kina kibao kinachoamuru mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Katika gari langu, mwendo hutambulika kwa mtetemo wa usukani na mvumo wa upepo. Katika gari hili, kilomita 50 ni kama kusimama, na dereva hulazimika kuuamini mshale, kwa kuwa mwili wake haumwambii kitu. Ndipo nilipofahamu kwa nini misafara ya wakubwa huvipita vituo vya mabasi kama risasi, huku waliomo ndani wakisinzia.

Kwenye barabara ya vumbi mambo yalizidi. Mashimo ambayo yangevunja springi za gari dogo yalimezwa moja baada ya jingine. Kijijini nilimkuta mwalimu aliyekuja kwa pikipiki kwa njia hiyo hiyo, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, mkono mmoja kiunoni. Nilipomwuliza habari za barabara, alinijibu kwa heshima: "Wewe, ndugu mwandishi, umeionaje?" Barabara ile sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeipita tu.

Sasa tumfikirie afisa anayeketi katika chombo cha namna hiyo mwaka hadi mwaka. Akirudi ofisini huandika katika taarifa yake kwamba barabara inapitika. Wala hasemi uongo. Gari limempa ushahidi wa uongo, naye ameupokea kwa nia njema. Taarifa hiyo hupanda ngazi, na fedha za matengenezo hupelekwa kwingine. Anayelipa ni mama mjamzito anayepelekwa zahanati usiku juu ya pikipiki. Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Watakuwepo watakaodai kwamba nchi yetu ni kubwa, barabara zake ngumu, na kiongozi hana budi kufika salama. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ukoo huo huo wa magari una toleo la 70, lililoanza mwaka 1984, ambalo watu wetu huliita "mkonga". Halina mazulia wala madoido, lakini hubeba wagonjwa na chanjo hadi mwisho wa njia. Na kama ubovu wa barabara ndio sababu, mbona mashangingi mengi tunayaona kwenye lami ya mijini, yamepangwa nje ya kumbi za semina, injini zikiunguruma ili kiyoyozi kisizimike?

Gari la umma lifuate kazi, lisifuate cheo. Anayekwenda porini apewe chombo cha porini. Anayetoka nyumbani kwenda ofisini kwa lami apewe kidogo kinachomtosha. Tena taarifa ya barabara isikamilike mpaka wameulizwa wanaoitumia kila siku: walimu, wauguzi, wakulima na vijana wa pikipiki. Na afisa afikapo kijijini, ashushe kioo kabla hajasimamisha gari. Mchovya asali hachovyi mara moja, na starehe ya barabarani ni asali. Mtumishi wa umma asiyejihadhari nayo ataizunguka nchi yote na kurudi bila habari zake.