Kunyamaza Si Kutumaini



Wapendwa waamini, yapo maneno mawili ambayo kwetu yamegeuka kuwa mfuniko wa kufunikia damu: "Tumwachie Mungu." Mjane akinyang'anywa shamba aliloachiwa na mumewe, tunamwambia amwachie Mungu. Bibi kizee akiuawa kwa tuhuma za uchawi, tunamzika, tunakula matanga, kisha tunatawanyika na maneno yaleyale mdomoni. Ninayapinga maneno hayo, si kwa sababu Mungu hastahili kuachiwa, bali kwa sababu mara nyingi tunayemwachia si Mungu. Tunauachia usahaulifu.

Wala nisidhaniwe kuzungumzia mambo ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Galula ikiwa bado katika Mkoa wa Mbeya, kabla ya Mkoa wa Songwe kuundwa mwaka 2016, nyanda zetu hizi zilitikiswa na mauaji ya kuchuna watu ngozi. Baadaye, hasa Kanda ya Ziwa, likaja wimbi la kuwaua ndugu zetu wenye ualbino ili viungo vyao viuzwe kama dawa ya utajiri. Mwezi Machi 2009 Serikali iliwataka wananchi wawataje wauaji kwa kura za siri. Tulitafakari jambo hilo. Taifa lenye nyumba ya ibada karibu kila kijiji lililazimika kuutafuta ukweli katika karatasi zisizo na jina la mwandishi. Kura ya siri huitishwa pale ambapo inaaminika kwamba majirani wanajua, na wanaogopa kusema.

Mwishoni mwa Mei 2024, huko Muleba, mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, alinyakuliwa kutoka kwa mama yake. Zaidi ya wiki mbili baadaye mwili wake ulipatikana ukiwa umeondolewa viungo. Mwezi Juni watu tisa walifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, miongoni mwao baba wa mtoto na paroko msaidizi. Kuamua nani ana hatia ni kazi ya mahakama, wala si yangu. Lakini baada ya habari ile, Mkatoliki yeyote asithubutu kusema kwamba uovu unakaa nje ya uzio wa kanisa.

Watakuwapo watakaonijibu: "Padre, haki kamili itatendeka siku ya mwisho." Naam, ndiyo imani yetu. Katika waraka wa Spe salvi wa tarehe 30 Novemba 2007, Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alifundisha kwamba kiu ya haki ni hoja yenye nguvu ya kuuamini uzima wa milele, kwa kuwa dhuluma ya historia haiwezi kuwa na neno la mwisho. Lakini anayeamini kwamba kesi itasikilizwa hutayarisha ushahidi wake, halali usingizi. Na siku hiyo hataulizwa muuaji peke yake. Nasi tutaulizwa: ulijua, ulisema nini?

Wengine watasema: "Mbona Yesu alinyamaza mbele ya Pilato?" Alinyamaza kuhusu uhai wake mwenyewe. Kuhusu uhai wa mwanamke aliyetaka kupigwa mawe hakunyamaza. Hata mbele ya Anasi, alipopigwa kofi, aliuliza sababu ya kupigwa (Yn 18:23). Tusiufanye upole wa Mwokozi kuwa maficho ya woga wetu.

Waraka huohuo unatuwekea mbele Mtakatifu Yosefina Bakhita, mtoto wa Darfur aliyetekwa, akauzwa mara kadhaa, akapigwa hadi makovu yakamjaa mwilini. Alipomjua Bwana aliyempenda, tumaini halikumfundisha kuvumilia minyororo. Mwaka 1889, huko Venice, alikataa kurudishwa Sudani na bibi aliyemtumikia, na tarehe 29 Novemba mahakama ikatamka kwamba yu huru. Alibatizwa Januari iliyofuata. Tumaini lilimpa ulimi wa kusema hapana.

Najua hofu ni ya kweli. Anayetoa ushahidi peke yake huweza kuchomewa nyumba. Ndiyo maana asiachwe peke yake. Jumuiya ndogondogo zetu si za kusali rozari na kukusanya zaka tu. Mjane akiitwa kwenye baraza la ardhi, jumuiya nzima imsindikize. Ukipitishwa mchango wa kuwaleta lambalamba watutajie wachawi, jumuiya nzima ikatae kutoa hata shilingi. Mzee akianza kunyoshewa vidole, waamini wakahamishie sala zao za juma hilo uani kwake, kijiji kizima kione. Muuaji humwogopa shahidi mmoja kidogo. Huwaogopa ishirini sana.

Damu ya Abeli, Kitabu cha Mwanzo chatuambia, ilimlilia Mungu kutoka ardhini, na Mungu akaisikia. Mungu alimwuliza Kaini alipo ndugu yake. Kaini alijibu kama tunavyojibu sisi: kwamba hajui, wala yeye si mlinzi wa mtu. Ndugu zangu, tusimwachie Mungu swali ambalo Yeye mwenyewe ametuuliza sisi.

Bwana awajalie tumaini lenye ujasiri. Amina.