Ukinunua Kitu, Kifungue

Kuna watu wakisikia mtu amefumua programu ya kompyuta aone inavyofanya kazi, wanamwita mwizi. Nawauliza: fundi redio anayefungua kifuniko naye ni mwizi?

Wanasema mtengenezaji ana haki ya kuvuruga msimbo wake usisomeke, alinde jasho lake. Sawa, avuruge! Ugomvi wangu ni pale sheria inapomlinda anayeficha na kumtisha anayefichua.

Chukueni mkasa wa Sony BMG wa mwaka 2005. Umenunua sidii ya muziki kihalali, umeiweka kwenye kompyuta yenye Windows, nayo inapachika programu ya kuzuia kunakili. Mkataba uliobonyeza kuukubali haukukwambia kwamba programu hiyo inajificha. Faili lolote lenye jina linaloanza na $sys$ lilitoweka machoni pako. Basi hata virusi vingeweza kujibanza humohumo, na kweli vikaja.

Nani aliyaanika? Si serikali. Ni Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows, aliyeona mambo ya ajabu kwenye kompyuta yake mwenyewe, akafumua hatua kwa hatua na kuyaweka hadharani tarehe 31 Oktoba 2005. Mwezi uliofuata Sony BMG ikaziondoa sidii hizo sokoni.

Kichekesho ni hiki. Waliofumua zaidi walikuta ndani yake vipande vya LAME, programu huria ya watu wengine, vimetumiwa bila kufuata leseni yake. Askari wa hakimiliki kumbe naye mfukoni ana mali ya jirani!

Sasa sikieni kinachonikera. Ed Felten na Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Princeton walikuwa wameyajua matatizo hayo karibu mwezi mzima kabla. Walichelewa kusema kwa sababu walikuwa wakishauriana na wanasheria: sheria ya Marekani ya 1998, DMCA, inakataza kuvunja kufuli za kidijitali. Mwezi mzima watu wanaendelea kuambukizwa, wanaojua wanahesabu miaka ya kesi!

Mwaka 2006 Marekani ikatoa ruhusa maalumu ya kuchunguza sidii za namna hiyo. Ruhusa! Yaani niombe kibali kuangalia kilichoingia nyumbani kwangu?

Mwizi ni nani hapo: aliyefungua, au aliyejificha?