Neno la Mhariri: Eda Isiyo na Siku ya Kwanza

Miongoni mwa barua tulizopokea baada ya kutangaza mada ya toleo hili, imo moja iliyonikera hata nikaiweka kando siku mbili, nisije nikaijibu kwa hasira. Aliyeiandika ni mhakiki ninayemheshimu. Anadai kwamba riwaya isiyofika mstari wa mbele si riwaya ya vita, na kwamba hadithi za "akina mama na masufuria" zingoje toleo la familia. Akamalizia kwa methali ambayo sote tumewahi kuitumia: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Nami naanzia hapo kwenye methali, kwa kuwa naamini imetuponza. Imewazoesha watunzi wetu kumwona mtu wa kawaida kuwa kitu cha kukanyagwa. Anaingizwa sura ya tatu, analia, anakimbia au anakufa, na hatumsikii tena. Lakini watu hao hawakuumia tu. Walikopa unga, wakafungua vibanda vya chai, wakashtakiana kwa kadhi, wakaoa na kuolewa upya, wakagombania minazi ya marehemu. Hayo yote ni vita, na sehemu kubwa yake hutokea bunduki zikiwa zimeshanyamaza.

Mfano ninao hapa hapa nilipokaa, Mtongwe. Meli inayong'oa nanga Kilindini tunaiona ubavu mzima, ikienda polepole, ikakata njia ya feri ya Likoni, ndipo ikatokea bahari kuu. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka hivyo Khedive Ismail, safari ya Colombo. Ilichukua karibu askari elfu moja wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia na wauguzi. Tarehe 12 mwezi ule, upande wa Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, na 77 kati yao ni wanawake. Waingereza wamekiandika sana kisa hiki, hasa uamuzi wa nahodha wa manowari aliyeangusha mabomu majini kuisaka nyambizi ilhali manusura bado wanaelea. Ni swali zito na lina wenyewe. Langu mimi ni jingine: mke wa askari yule aliingia eda lini?

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Ila nawaomba wasimame kidogo kwenye hesabu yake. Kwa rai ya wanazuoni wengi, siku huanza kuhesabiwa tangu mume alipokufa, si tangu habari ilipofika. Basi mfikirieni mwanamke ambaye habari zilimfikia Julai. Miezi ile yote alikuwa akijipaka wanja, akienda harusini na asumini kichwani, akimwekea mumewe kanga mpya sandukuni aje amwone nayo. Anaambiwa mumewe amekufa, na hapo hapo anaambiwa eda imekwisha. Atamlilia katika siku zipi? Na yule ambaye habari haikuja kabisa, mumewe amekuwa aliyepotea, hali yake ni ngumu zaidi. Wako wanaosema angoje miaka minne kisha akae eda. Rai inayojulikana zaidi kwa Mashafii ni kwamba angoje mpaka ipatikane yakini. Yakini gani, ya meli iliyolala chini ya Bahari ya Hindi? Askari wale walitoka pande nyingi za Afrika Mashariki na walikuwa na dini mbalimbali. Kila nyumba ilikuwa na desturi yake ya kufiwa, na kila desturi inataka maiti, au kaburi, au walau siku.

Mtongwe wanajua maana ya kutaka maiti. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipopinduka hapa na kuua watu 272, waliobaki walijaa ufuoni kungojea miili. Aliyempata wake alizika, akaanza kuhesabu siku. Wajane wa 1944 hawakuwa hata na ufuo wa kusimama.

Hiyo ndiyo riwaya ninayoitaka, na sioni aibu kusema kwamba nimelipanga toleo hili kuitafuta. Abdulrazak Gurnah ameikaribia kuliko mtu yeyote. Katika Afterlives ya mwaka 2020, Ilyas anakwenda kuwapigania Wajerumani, na dada yake Afiya anaachwa na swali. Vita vinakwisha, Hamza, askari mwingine wa Wajerumani, anarudi na mguu mbovu, anatafuta kazi, anatafuta pa kulala, anampenda Afiya, anamwoa. Na swali la Ilyas bado limo ndani ya nyumba ile, hata mtoto anayezaliwa analirithi pamoja na jina. Mhakiki wangu ataniambia mapigano yamo kitabuni. Yamo, na ni ya kutisha. Lakini ukikifunga kitabu unabaki na lile swali kuliko mizinga.

Jambo la pili linaloniuma ni la baada ya vita. Adam Shafi alituandikia Kuli mwaka 1979, na kwa kitabu hicho kila msomaji wa Kiswahili analijua jasho la bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Mombasa iligoma mwaka mmoja kabla. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini, kwa siku kumi na mbili, kwa sababu vita vilikwisha lakini bei za vitu hazikushuka. Walikutana mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka ule ule na kupelekwa Kabarnet. Jina la kiwanja peke yake ni sura nzima ya riwaya, na mpaka leo sijaona riwaya ya Kiswahili iliyosimama pale. Nani alipika siku zile kumi na mbili? Alipika nini, na kwa deni la duka gani?

Nitajibiwa kwamba nyaraka hazisemi, na imo humu makala ndefu inayoshikilia kwamba mtunzi asivuke mpaka wa nyaraka. Nimeichapa kwa sababu imeandikwa kwa uangalifu, lakini siikubali. Mtunzi ana deni la kutokosea tarehe, jina la meli, bei ya unga. Akishalilipa, hana ruhusa ya kumwacha mpishi bila sura eti kwa kuwa karani hakumwandika. Tena nyaraka si karatasi tu. Maneno tuliyoachiwa na vita, Keya, Panyako, Kariakoo, yaliingia lugha kwa vinywa vya watu wasiojua kalamu.

Mengine niyapitie kwa haraka. Makala ya wavunja siri wa Kiingereza waliohamia shule ya Allidina Visram mwaka 1942 ina mengi mapya. Nimemwomba mwandishi aturudie na habari za wanafunzi. Uchambuzi wa Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert unatukumbusha kwamba vita vikubwa vya Kiswahili viliandikwa na mtu aliyekuwa mbali navyo. Hadithi ya Likoni ya Agosti 1997, ya mwenye nyumba na mpangaji wake kutoka bara wasioweza kutazamana tena usoni baada ya ghasia, naomba isomwe taratibu. Haina hata risasi moja, na ndiyo jibu langu kwa ile barua. Mashairi mawili ya mwisho ni ya vijana, yapokeeni.

Kwa wanaokusudia kutuletea miswada nina ombi moja. Mwanamke aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1944 ni vigumu kumkuta leo. Lakini binti aliyeachwa tumboni, au aliyekuwa akitambaa baba yake alipoondoka, ana miaka themanini na kitu, na wengine wanatukalia jirani, hapa Mtongwe, Likoni, Changamwe, Kisauni. Anajua mama yake alingoja mpaka lini, nani alimwambia basi, na lile sanduku alipewa nani. Mwendeeni mwaka huu, mkae naye, mumuulize.