Msisingizie Mkonga, Someni Foleni ya Seva

Jamani, huu mchezo wa kusingizia mkonga wa chini ya bahari umezidi. Ni kweli mikonga hukatika: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika, Afrika Mashariki ikalia. Lakini siku nyingi tovuti ya mteja ikikokota, shida imo ndani ya seva, na fundi hata hajaingia kutazama. Jibu lake lingine ni moja: "Nunua seva kubwa." Mwenye duka Kisauni atoe pesa, kwa kosa la nani?

Andika amri uptime. Utapewa namba 3: wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15 zilizopita. Mzigo huo ni kama feri ya Likoni: hesabu wanaovuka pamoja na wanaongoja. Prosesa ya viini 4 ikionyesha mzigo wa 4, imejaa. Ikionyesha 20, kuna foleni. Je, wanangoja nini? Linux huhesabu hata kazi zinazongoja diski. Basi endesha vmstat: ukiona safu iitwayo "wa" iko juu, kuongeza viini hakutasaidia kitu. Tafuta jedwali lisilo na faharasa, linalopekuliwa lote kila mgeni akibofya, au kumbukumbu iliyofurika hadi kwenye diski.

Dawa yaweza kuwa mstari mmoja tu wa CREATE INDEX, usiogharimu hata shilingi. Anayemuuzia mteja seva kabla ya kutazama hayo si fundi, ni dalali.